Vikuku vya Ndarumo

Ndarumo haimo kwenye ramani zinazouzwa madukani, na wenyeji wake wanaona afadhali iwe hivyo. Niliingia huko mwishoni mwa kiangazi, na namna nilivyofika si habari ya kumchosha msomaji. La kueleza ni kwamba kitu cha kwanza nilichofundishwa, hata kabla sijaonyeshwa pa kulala, kilikuwa namna ya kushukuru.

Kila asubuhi wenye kutaka maji hupanga foleni penye bomba la mtaa. Kabla koki haijafunguliwa, karani wa Ofisi ya Shukrani husimama juu ya kigoda akatamka maneno ya kuishukuru serikali kwa maji, na foleni nzima humwitikia. Zamani shukrani ilikuja baada ya maji. Baadaye ikaonekana kwamba kuna watu wakishajaza ndoo huondoka zao bila neno, basi sheria ikageuzwa, shukrani ikatangulia. Mwaka nilioingia mimi maji yalikuwa hayatoki kabisa, lakini shukrani iliendelea kama kawaida. Karani mmoja alinieleza, naye hatanii, kwamba kushukuru kwa maji yasiyotoka ndiko kushukuru kwa kweli, maana hakuna tamaa ndani yake. Nilicheka. Kwa kuwa nilicheka peke yangu, nilinyamaza upesi.

Nchi hiyo ina miji miwili tu, Mashuke na Vitongo, inayotazamana kutoka kingo mbili za mto uliokauka. Katikati, karibu na daraja, kuna hospitali moja inayotumiwa na miji yote miwili. Mgeni akifika hapangi hoteli. Hupewa chumba katika kota za polisi, ili atunzwe vizuri na ili aonekane anapokwenda. Mimi nilipewa chumba Mashuke, nyumbani kwa Sajini Makunga, mtu mrefu, mpole, mwenye kutembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mkewe aliitwa Nasiyaa, ila kota nzima ilimjua kwa jina la Mama Siwema. Siwema mwenyewe, mtoto wao wa pekee, alikuwa binti anayesomea ukunga, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kukatazwa. Siku ya kwanza tu aliniuliza kama kwetu nako watu hushukuru ndoo tupu. Nilimjibu kwamba kwetu tuna njia nyingine za kushukuru, akasema nimejibu kama karani.

Hapo kota ndipo nilipoiona desturi iliyonifanya niandike habari hizi.

Penye lango la kambi kuna kibanda kiitwacho Banda la Ukoo. Ndani yake hakuna kitu ila misumari iliyopigwa ukutani, na chini ya kila msumari jina la askari. Kila askari wa Ndarumo huvaa mkononi kikuku cha ukindu kilichosukwa na mkewe, au na mama yake ikiwa hajaoa. Kila ukindu una rangi yake na mtu wake: huu wa mama, huu wa mke, huu wa mtoto. Askari anapokwenda kazini hupita kwanza bandani, akavua kikuku, akakitundika kwenye msumari wake. Tangu hapo mpaka atakaporudi kukichukua, kisheria hana ukoo. Si mwana wa mtu, si mume wa mtu, si baba wa mtu. Na lolote atakalolitenda katika hali hiyo haliwezi kumfuata nyumbani, kwa kuwa hana nyumbani.

Mtunza banda, Mzee Chuvaka, alinieleza haya kwa fahari. Wakati tunazungumza, mtoto mdogo wa kike alikuja mbio kutoka kota, ameshika kifurushi cha mihogo ambacho baba yake alikisahau. Baba alikuwa keshavuka lango. Alimtazama mwanawe, akasema, "Raia, rudi nyuma." Mtoto akasimama, akapiga saluti ndogo, akarudi na mihogo yake. Hakulia. Niliona kwamba ni jambo alilolizoea, na hilo ndilo lililonisumbua.

Nilimuuliza Mzee Chuvaka inakuwaje mtu akifiwa wakati yuko kazini.

"Aliyeko kazini hana mama, mgeni," alinijibu. "Sasa tutampelekea habari ya kifo cha nani?"

Kinachofanyika ni hiki. Habari ya msiba huletwa bandani. Mtunza hukishusha kikuku, akauchomoa ukindu wa marehemu, akakirudisha kwenye msumari. Askari akija kukichukua ataona kimepungua, atajua. Sajini Makunga aliujua hivyo msiba wa mama yake. Zamani kikuku chake kilikuwa na rangi tatu. Siku moja alinyoosha mkono akapewa cha rangi mbili, mweusi wa mkewe na mwekundu wa Siwema, naye alikivaa, akaenda nyumbani, akakaa chini. Mama Siwema ndiye aliyenisimulia. Sajini hakulitaja kamwe.

Wakati huo upinzani dhidi ya shukrani ulikuwa umeshaanza. Waliuita Ndoo Tupu. Watu walikwenda bombani kama kawaida, lakini karani alipotamka maneno yake walikaa kimya, kisha wakageuza ndoo zao, wakazivaa kichwani kifudifudi, wakatembea barabarani wakizipiga kwa viganja. Hawakurusha jiwe. Hawakutukana mtu. Serikali iliona ukimya huo ni matusi makubwa kuliko yote iliyowahi kutukanwa, na ikapiga marufuku kunyamaza mbele ya karani.

Nilipata ruhusa ya kumwona Mkurugenzi wa Idara ya Rehema, Bwana Sengulo. Alinipokea kwa adabu nyingi. Tuliletewa vikombe vya chai vitupu, kama ilivyo kawaida ya ofisi zote tangu maji yakatike, naye alikiinua chake, akakipuliza, akanywa. Nami nilikinywa changu. Nilimuuliza: ikiwa askari na waandamanaji ni watu wa mji mmoja, haiwezi kutokea siku baba akakutana na mwanawe barabarani?

Alifurahi kuulizwa. Alisema serikali ya Ndarumo si ya kikatili, na kwamba jambo hilo lilishafikiriwa na watu wenye huruma. Ipo Sheria ya Rehema. Siku ya maandamano, askari wa Mashuke hupelekwa Vitongo, na wale wa Vitongo huletwa Mashuke. Hivyo hakuna mzazi atakayempiga mtoto wake.

"Atampiga wa mwenzake," nilisema.

"Ndiyo," alisema Bwana Sengulo, "lakini huyo hamjui." Akaniongezea chai.

Sheria hiyo ilijadiliwa Barazani siku chache baadaye, nami niliketi kwenye viti vya wageni. Wajumbe waliisifu mmoja baada ya mwingine. Aliyevuruga ni mjumbe mmoja, Bi Tausi Ngwali, aliyesimama akauliza swali fupi: kama askari akishatundika kikuku hana ukoo, basi anahamishwa mji wa nini? Na kama anahamishwa kwa kuogopa damu yake, basi ile misumari ni ya nini? Spika alishauriana na makarani wake, kisha akatoa uamuzi kwamba swali linaikejeli rehema, na kwa hiyo halikuulizwa. Baraza likaendelea na hoja iliyofuata, kama kofia ya askari ifungwe kwa kamba moja au mbili, na hapo mjadala ulikuwa mkali hadi jua kupinda.

Sasa nirudi kota, maana huko ndiko yalikokuwa yanaiva mambo.

Wake wa polisi walikuwa wamebanwa kila upande. Bomba lao lilikuwa kavu kama mabomba mengine, watoto wao waliogea kitambaa kilicholowanishwa, lakini sokoni hawakuuziwa kitu. Mama Siwema alisimama mbele ya genge la nyanya alikonunua miaka yote, na mwenye genge, mwanamke waliyezaa naye siku moja katika wodi moja, alizifunika nyanya kwa gunia mpaka aondoke. Alirudi nyumbani akapika mboga bila nyanya.

Tena kulikuwa na jambo la ndoo. Kila nyumba ya askari hupewa na serikali ndoo moja ya rangi ya bluu, ambayo raia wengine hawaruhusiwi kuwa nayo. Kambi ilitoa onyo: ndoo ya bluu ikionekana kwenye maandamano, nyumba yenye ndoo hiyo itatolewa vyombo nje kabla jua halijazama, na askari wake atavuliwa kazi. Upande mwingine kulikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa popote lakini kila mtu aliyajua. Askari hapigi ndoo ya bluu. Awe wa Mashuke au wa Vitongo, mkono wake ukiiona rangi hiyo hurudi wenyewe, kwa sababu na kwake ipo moja mlangoni.

Viongozi wa Ndoo Tupu nao walikaa kikao kuhusu watoto wa kota. Wengine walisema wasikubaliwe kabisa, ni wapelelezi. Aliyesikilizwa ni mwalimu mmoja aliyeitwa Fikirini, mtu wa hesabu na wa mipango, ambaye alisema waje, waje na ndoo zao za bluu, na wapangwe mstari wa mbele. Rungu zikiziona zitasita, na walio nyuma watapona. Walipiga makofi. Sikusikia kwamba kuna mtu aliyeuliza walio mbele wanaonaje.

Siwema alikubali kabla hajaulizwa. Mama yake alibishana naye wakichambua mchele uani, nami nilikuwa nimekaa hapo nikishona kifungo, sikuwa na pa kujificha.

"Na sisi bomba letu halitoki, Mama," Siwema alisema. "Nikibaki ndani nitakuwa nimekaa upande gani?"

"Upande wa nyumba yako."

"Nyumba ya serikali hii."

"Ndiyo maana nakwambia," alisema Mama Siwema. "Baba yako ametumikia humu ujana wake wote. Wakitutoa, tunakwenda kulala wapi? Kwa mwenye nyanya?"

Siwema aliokota kijiwe katika mchele, akakitupa. Kisha akasema kwamba pale hospitali anapojifunza kazi, wanawake wanajifungua na hakuna maji ya kuwaosha, na kwamba yeye ndiye anayeambiwa awashukurishe kwanza. Alisema atakwenda hata kama atakwenda bila ndoo. Mama yake aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuka.

Jioni Sajini alirudi na kopo la rangi ya njano, ile ya kuchorea mistari ya barabarani. Alisema, bila kumtazama mtu, kwamba limebaki stoo na litaharibika bure. Aliliweka nyuma ya mlango, pembeni ya ndoo ya bluu, akaenda kuvua viatu. Hapakuwa na haja ya kuelezana. Mama Siwema alilichukua kopo na brashi, akakaa uani, akaanza kuipaka ndoo, na Siwema alishika mpini ili isizunguke. Tone lilimdondokea mguuni akacheka. Mama yake naye alicheka, na kwa muda wakawa watu wawili tu wanaopaka rangi.

Alikuwa na hesabu zake, mama huyo, na alizisema kwa sauti huku brashi inakwenda. Ndoo ya njano haitamfukuzisha mtu kazi. Na kuhusu rungu, baba mtu atakuwa Vitongo, kwa hiyo hawezi kumgonga mwanawe. Hao wanaokuja kutoka Vitongo ni wageni, hawana kisa na watu wa Mashuke, na mtu asiye na kisa na wewe hapigi kwa nguvu. Aliniuliza kama sivyo. Nilimwambia huenda ni hivyo. Sikuwa na hakika, na hata leo najuta kwamba sikupata la maana zaidi la kusema.

Wala yeye hakujua jambo hili, ambalo mimi mwenyewe nililijua baadaye. Kote kota, nyuma ya kila nyumba, brashi zilikuwa zinakwenda. Na kule Vitongo, ambako stoo ya polisi huwa na rangi ya kijani ya kupakia milango ya ofisi, wake wa askari walikuwa uani na makopo ya kijani. Kila nyumba ilidhani ni siri yake peke yake.

Asubuhi Sajini alitundika kikuku chake. Malori yakaondoka na askari wa Mashuke kuelekea darajani, na nusu njia yalipishana na malori ya Vitongo yanayokuja. Nilikwenda kusimama mbele ya duka lililofungwa, mahali panapoonekana barabara kuu, na Mama Siwema alisimama nami kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Hawakuimba. Mlio ulikuwa ule wa viganja juu ya plastiki, mwingi na mzito, ukizidi kukaribia. Mstari wa mbele ulikuwa wa vijana wa kota, na ndoo zao zilikuwa njano tupu, mbichi, zinang'aa juani. Niliwaona wakipangwa. Mwalimu Fikirini alipita mbele yao akauliza ndoo za bluu ziko wapi. Mmoja alimjibu kwamba zimepakwa. Mwalimu alishika kiuno, akatazama nyuma yake umati ule wote uliokuwa umeshajipanga, akatazama mbele.

"Basi kaeni hapo hapo," alisema. "Hakuna muda wa kupanga upya."

Askari wa Vitongo walisimama mkabala. Kamanda wao alimwita karani wa Shukrani, karani akapanda kigoda katikati ya barabara, akatamka maneno yake. Hakuna aliyeitikia. Hata viganja vilitulia. Ukimya huo ulichukua muda, na naapa nilidhani utashinda. Kisha kamanda akapuliza filimbi.

Sitaeleza yote. Waliokuwapo wanayajua, na wasiokuwapo wanaweza kuyakisia. Sikumwona aliyempiga Siwema. Nilichoona ni ndoo ya njano ikimdondoka kichwani, ikabingirika hadi kwenye mtaro, na mama yake ambaye alikuwa ubavuni mwangu hakuwa tena ubavuni mwangu.

Tulimbeba, yeye, mimi na vijana wawili nisiowajua, hadi hospitali ya darajani. Upande wa pili watu walikuwa wanaletwa kutoka Vitongo. Wauguzi walifuta majeraha kwa vitambaa vikavu. Mkunga mkuu alipomwona mwanafunzi wake alitoa chupa ya maji aliyokuwa ameificha kabatini, akamwosha uso wote, taratibu, bila kumshukuru mtu yeyote. Siwema hakuzinduka. Alifariki kabla ya alasiri, kichwa chake kikiwa mapajani pa mama yake.

Mama Siwema hakulia kwa sauti. Alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini, mikono ameiweka magotini. Ilikuwa ya njano mpaka vifundoni, maana rangi ile haitoki kwa kitambaa. Kwenye benchi hilo alikuwapo mwanamke mwingine, amepakata glavu za golikipa. Mikono yake ilikuwa ya kijani. Walikaa hivyo muda mrefu, kila mmoja akiitazama mikono ya mwenzake.

"Wewe ni wa kota," Mama Siwema alisema hatimaye.

"Kota ya Vitongo."

"Mume wako leo yuko wapi?"

"Kwenu," alisema yule mwanamke.

"Wangu yuko kwenu."

Yule mwanamke aliitwa Mama Kitwana, mke wa Koplo Mbaruku, na mwanawe Kitwana, anayedaka mpira katika timu ya shule, alikuwa chumba cha pili amefungwa kichwa. Aliletwa na glavu zake mikononi. Alizivaa asubuhi ili aweze kuyaokota mabomu ya moshi na kuyarusha pembeni, mbali na watoto wadogo. Tukiwa tumekaa hapo aliamka, na mama yake akaitwa. Mlango ulikuwa wazi. Kijana alimtazama mama yake, akamwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa mgeni, kisha akamuuliza anamtafuta nani.

Nimeona mengi katika safari zangu, na sipendi kujionyesha kuwa mtu wa machozi, lakini hapo nilitoka nje.

Tulirudi Mashuke kwa miguu. Habari ilikuwa imeshafika bandani, na Mzee Chuvaka alikuwa amekishusha kikuku cha Sajini, anahangaika kuutafuta mwanzo wa ukindu mwekundu. Mama Siwema aliingia, akanyoosha mkono. Alisema kwamba aliyekisuka ni yeye, na kama kinafumuliwa atakifumua yeye. Sheria hairuhusu. Mzee aliitazama mikono yake, akampa. Alifanya kazi hiyo bila haraka, asije akaukata ule mweusi. Alipomaliza aliufunga mwekundu kwenye pindo la khanga yake, akarudisha kilichobaki kwenye msumari. Hakikuwa tena kikuku. Kilikuwa ukindu mmoja uliofungwa fundo.

Malori yalirudi jua likielekea kupungua. Askari walishuka, wakapanga foleni mbele ya banda. Wengi wao mikono ya shati ilikuwa na rangi ya kijani, na rungu zao pia, na nadhani walidhani ni rangi tu. Sajini Makunga alipofikiwa alitaja jina lake, akanyoosha mkono kama anavyofanya kila siku, anafikiria mambo mengine. Mzee Chuvaka alimwekea ule ukindu kiganjani.

"Hiki si changu," alisema Sajini.

"Ni chako, Sajini."

"Changu kina mwekundu."

Ndipo alipomwona mkewe amesimama pembeni ya mlango, akaiona mikono yake ya njano na fundo la pindoni. Akashika ukuta, na vikuku vya wenzake vikatikisika kwenye misumari.

"Nani?" aliuliza.

"Askari wa Vitongo," mkewe alisema. "Hakuwa baba wa mtu wakati huo."

Alimsogelea, akaushika mkono wa shati lake, akausugua ule ukijani kwa kidole gumba. Alimuuliza, polepole sana, kama huyu wa kijani alikuwa amevaa glavu. Sajini aliutazama ule ukijani.

"Za golikipa," alisema.

"Anaitwa Kitwana. Nimekaa benchi moja na mama yake."

Aliyempiga Siwema hakujulikana. Huenda alikuwa Koplo Mbaruku, huenda alikuwa mwingine, maana rangi ya njano ilirudi Vitongo kwenye mashati mengi. Idara ya Rehema ilitoa taarifa ikionyesha kwamba sheria ilifanya kazi barabara, kwani katika miji yote miwili hapakuwa na askari hata mmoja aliyempiga mtoto wake. Baraza likapiga marufuku kupaka rangi ndoo. Mwalimu Fikirini alikuja mazikoni akasimama mbali. Mwenye genge alileta nyanya, kikapu kizima, akakiweka mlangoni bila kubisha hodi, na zilikaa hapo mpaka zikaharibika.

Baada ya matanga nilimkuta Mama Siwema uani anasuka. Alikuwa ametia rangi ukindu mpya, akausuka pamoja na ule mweusi na ule mwekundu aliokuwa ameufungua kutoka pindoni. Ukindu mpya ulikuwa wa kijani. Sajini alinyoosha mkono, akavishwa, na kesho yake asubuhi akaenda bandani kukitundika.

Mzee Chuvaka alikataa kukipokea. Alisema mwekundu ni wa marehemu, haumo tena katika daftari la banda, na huo wa kijani haujui. Ni wa nani? Mama Siwema alisema ni wa mtoto. Mtoto wa nani? Wa Vitongo. Mzee alieleza kwa upole kwamba banda hupokea ukoo tu. Kisichokuwa ukoo hakiwezi kutundikwa, na askari aliyevaa kisichoweza kutundikwa hawezi kuhesabiwa kuwa amevua, na asiyevua haruhusiwi kuvuka lango. Sajini alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka, akarudi nyumbani, akakaa barazani. Suala likapelekwa Barazani.

Nilipoondoka Ndarumo lilikuwa linajadiliwa bado. Nilisikia kwamba Vitongo kuna mwanamke mwenye mikono ya kijani aliyetafuta ukindu akautia rangi ya njano. Sikupata kuhakikisha. Ningependa iwe kweli, ila hata ikiwa kweli imechelewa, na wote wawili wanajua imechelewa.

Nilikwenda kumuaga Sajini. Alikuwa amekaa palepale, mkono wenye kikuku ameuweka juu ya goti kama kitu alichopewa akishike. Ndoo ya Siwema, iliyookotwa mtaroni, ilikuwa mlangoni. Njano ilikuwa imeanza kubanduka, na bluu inaonekana chini yake. Aliniuliza kama kwetu polisi nao huvua ukoo wanapokwenda kazini. Nilimwambia kwetu hakuna banda, wala misumari, wala vikuku.

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi nyinyi mna bahati," alisema.

Nilishika mkono wake nikamuaga. Sikuwa na moyo wa kumweleza yaliyobaki.